Juu ya Mti, Nyuma ya Mgongo wa Mkwe

Siku yangu ya kwanza pale Kangle, mtaa wa karakana za kushona, nilikalishwa mbele ya cherehani nikaambiwa nishone mkanda. Hakuna aliyeniambia ni mkanda wa nini, na mimi kwa ujuaji wangu sikuuliza. Nikajua ni wa begi. Nikaushona kama wa begi, mshono mmoja kwenda na mmoja kurudi. Laoban, ndivyo tunavyowaita mabosi kule Guangzhou, akaja akaushika kwa mikono miwili, akauvuta mara moja tu. Uzi ukakatika mbele ya karakana nzima.

"Mama," akaniambia, "huyu mtu amekufa."

Nikauliza mtu gani. Akaninyooshea kidole juu darini, kisha akakishusha mpaka sakafuni. Wale wasichana wa mashine za jirani wakacheka mpaka nikatamani kuingia chini ya meza.

Ninyi vijana mnaoniuliza nilifanya kazi gani China miaka yote ile, leo nawaambia. Nilikwenda kama wengine kutoka Makambako, kununua nguo za watoto pale soko la Shahe na kuzituma nyumbani. Biashara ikafa. Ningerudi, lakini nirudi na uso gani, mimi mzee wa kanisa niliyeagwa kwa nyimbo na maombi? Ndipo mke wa Laoban, niliyezoea kukutana naye Zhongda kwenye maduka ya vitambaa, akaniuliza kama najua kushona. Nikasema najua. Nyumbani nikapiga simu nikasema nina kibanda changu cha vitambaa Zhongda, na picha nikatuma, nimevaa kitenge nimesimama mbele ya kibanda cha watu. Uongo huo niliulea kama mtoto.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuna nchi watu huwinda mnyama wa jamaa ya kulungu, yule ambaye sisi tunaosali tunamjua kwa jina la ayala. Mwindaji hamkimbizi. Hupanda mti akakaa juu kimya, akamngoja apite chini. Ili apande, hubeba mgongoni fimbo za kupandia, vipande vifupi vya chuma chepesi vyenye vikanyagio huku na huku. Hufunga kimoja kwenye shina kwa mkanda, hukikanyaga, hufunga cha pili juu yake, na kuendelea hivyo. Chuma kilitoka karakana nyingine. Sisi tulishona mikanda, na tulishona kile tulichokiita soksi, yaani kitambaa kinene chenye manyoya mafupi cha kuvisha chuma kisigongane. Ayala ana masikio jamani! Chuma kikigusa chuma, hata kidogo tu, yeye keshaondoka, na mwindaji amebaki mtini kama nguo iliyoanikwa.

Nilianzia mikanda. Nikajifunza mshono wa kukazia, ule wa kwenda mbele na nyuma mahali pamoja mpaka uzi unakuwa mgumu kama ukucha. Baadaye nikahamishiwa meza ya soksi, chini ya fundi mkuu, mzee mmoja mkali tuliyemwita Shifu. Shifu hakutukana mtu. Alichukua kazi yako, akaitia sikioni, akaitikisa, akasikiliza. Ikilia alisema "bu xing", haifai, akakurudishia bila kukuangalia. Bora angenitukana. Siku ya kwanza nilirudishiwa kazi mpaka machozi yakanitoka, mtu mzima na wajukuu.

Shida ilikuwa sheria ya Laoban. Pale kwake aliyeshona ndiye anayepanda. Kabla mzigo haujatoka, mshonaji huchukua fimbo kutoka katika mzigo wake mwenyewe, anakwenda nyuma ya karakana kwenye mikaratusi, anapanda. Nilipopewa meza ya soksi niiongoze mwenyewe, nikamwambia Laoban mimi ni bibi, tena ni mwanamke. Akanijibu, "Ukishona unajua utapanda wewe, huwezi kusinzia." Akaagiza niletewe suruali.

Suruali! Ninyi mnaona jambo la kawaida. Mimi nililelewa mwanamke akipanda mti watu wanageuza nyuso. Nilijifungia chooni nikaivaa, nikatoka nikivuta fulana nyuma ijaribu kufunika. Shifu akanifundisha. Kwanza unabandua kwa vidole yale maganda makavu ya mkaratusi, maana yakivunjika yanalia kuliko chuma. Unakumbatia shina, mkanda unaupitisha nyuma kwa mkono wa kushoto na kuupokea kwa wa kulia. Fimbo unaibana kwa kifua ili mikono iwe huru. Kifungo cha chuma cha mkanda unakifumbata kiganjani wakati wote, hakitakiwi kuning'inia. Ukishauvuta mkanda ukang'ata gome, unakanyaga kikanyagio pale karibu na shina, sio kwenye ncha, na unapumua kwa mdomo. Nikajua kazi, tena nikaijua vizuri. Lakini kila nilipokuwa kule juu nilijiambia, haki ya Mungu, kama kuna mtu wa Makambako ananiona leo, nimekwisha.

Jaribio la mbele ya mnunuzi lilikuwa na utaratibu wake. Mtu mmoja husimama hatua chache kutoka kwenye mti, ameupa mgongo. Huyo tulimwita lu, ndiyo ayala kwa lugha yao. Kazi yake ni kusikiliza. Akisikia chuma anainua mkono, kazi inasimama, na mzigo wote unarudi mezani kufumuliwa. Asiposikia kitu, aliyepanda akishafika juu Laoban anapiga makofi, lu anageuka na kumtafuta mwindaji kwa macho. Hapo watu wote hucheka na kupongezana. Mnunuzi mwenyewe ndiye aliyekuwa lu siku zote.

Sasa siku moja akaja mnunuzi Mzungu, mwindaji mzee. Nilikuwa dirishani nikikata nyuzi. Nikamwona anaingia getini na mkalimani wake, kijana mrefu mweusi, shati limechomekewa vizuri. Nikatazama tena. Alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Nilijua yuko Guangzhou kununua viatu, na nilikuwa nimemwambia binti kibanda changu nimekifunga wiki hiyo, ninaumwa, mumewe asije. Kumbe mkalimani wa yule Mzungu ndiye aliyeugua, na mkwe kwa Kiingereza chake kizuri na Kichina kidogo cha biashara akaombwa amshikie siku moja. Yaani umkimbie mtu mji mzima, uje kukutana naye mlangoni kwako!

Niwakumbushe, maana ninyi wa siku hizi mnapiga picha na wakwe mmekumbatiana. Kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani mkono. Hawali meza moja. Akiwa njiani anakuja, wewe unachepuka, na yeye anatazama pembeni mpaka upite. Yule kijana alikuwa hajawahi kuniona hata nimevua kitambaa cha kichwa. Na heshima yangu kwake ndiyo heshima ya binti yangu katika nyumba ile. Mama mzazi wa kijana hakuwa mtu wa kupewa habari kama hii, angeitumia mpaka kaburini.

Nikamkimbilia Laoban. Nikamwambia leo bu xing, sipandi, apande Shifu.

"Nani kashona?" akauliza.

"Mimi."

"Basi. Mnunuzi anaondoka leo na ndege. Hakuna kupanda, hakuna mzigo."

Nikaona sina la kuficha. Nikamwambia yule kijana ni mume wa mwanangu. Weee! Laoban akafurahi kama kaletewa zawadi. "Mkwe wako! Kwetu mama mkwe humchinjia mkwe kuku, humjazia bakuli! Twende nikamwite, leo tunakula wote!" Na kweli akageuka kwenda kumwita. Nikamshika mkono, nikamsihi kwa Kichina changu cha sokoni na kwa machozi. Nitapanda, nikamwambia, nitapanda sasa hivi, ila usimwambie lolote. Mnunuzi awe lu, na mkwe umpeleke ofisini akanywe chai. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini akakubali.

Nikapitia mlango wa nyuma na fimbo zangu mgongoni. Nilipochungulia kona ya karakana, nikakuta aliyesimama ameupa mti mgongo si Mzungu. Ni mkwe. Yule mzee masikio yake yaliharibiwa na bunduki za ujanani, hasikii hata honi ya gari, kwa hiyo akaomba kijana asikilize badala yake. Yeye mwenyewe alikuwa pembeni, na Laoban akaniinulia mabega kuniambia hana la kufanya.

Basi nikaenda. Ningefanyaje? Nikisikika, anageuka. Nisiposikika, mwisho wa yote anageuka vilevile, lakini angalau Laoban nilishamkonyeza asipige makofi mpaka nishuke. Niliuweka uso wangu kwenye gome. Nikabandua maganda moja moja na kuyatia mfukoni. Fimbo ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Nilikuwa nasema na Mungu wangu moyoni, mfululizo, kama mtu anayeng'ang'ania nguo ya mtu. Kwenye fimbo ya tatu mkono wa kushoto ulikufa ganzi, kifungo kikanichoropoka kiganjani, kikagota kwenye soksi. Mimi sikusikia kitu. Lakini mimi masikio yangu yalikuwa yamejaa mapigo ya moyo wangu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeelekea shina, sikuweza kuona nyuma yangu kama mkono umeinuliwa, au kama mtu amegeuka.

Nikafunga ya nne, nikafika juu. Na yule Laoban, kwa mazoea yake, akapiga makofi.

Nikafumba macho kama mtoto anayedhani hivyo haonekani. Nilipofumbua na kutazama chini ya kwapa langu, mkwe alikuwa hajageuka. Laoban akapiga makofi tena, akamwita. Mkwe akamwambia yule Mzungu kwa sauti, akiwa ametazama mbele, kwamba hajasikia chuma. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka getini, shingo imenyooka, akatoka. Laoban akacheka, akasema lu wetu leo ametoroka.

Mimi sikucheka. Nilielewa. Mtu hakatai kugeuka ila anajua kuna nini nyuma yake. Ameniona, nikajiambia. Kifungo kimelia, amegeuka mara moja, amemwona mama mkwe wake kaukumbatia mti na suruali imembana, akageuza uso haraka na kusema uongo ili kuniokoa. Nikashuka nikajifungia chooni. Mzigo ukaondoka. Nikamweleza Laoban ukweli wangu, kwamba huenda chuma kimelia na lu amenionea aibu tu. Akasema mnunuzi kapokea, yamekwisha. Kwangu hayakwisha. Tangu siku ile kila soksi ya kifungo niliishona mara mbili, na kila nilipoishika niliona aibu, kwanza ya mwili wangu, halafu ya kazi yangu. Shifu aliitia sikioni, akatikisa, akaniuliza nina nini mbona nashona kama naadhibiwa.

Nilistaafu magoti yalipokataa. Laoban alinitolea suruali mpya kama zawadi, akidhani ananifurahisha. Nikarudi Makambako nikafikia kwa binti yangu, nikiwa na hofu ya nyumba ile. Mkwe hakunitajia Guangzhou hata siku moja. Kila asubuhi alisimama nje ya ukuta wa chumba changu, akanisalimia, "Shikamoo mama, umeamkaje," na kwenda kazini. Heshima yake ndiyo iliyokuwa ikinichoma. Nilikuwa nikimwitikia nimeinamisha kichwa, ingawa kati yetu kulikuwa na ukuta wa tofali.

Asubuhi moja nikashindwa. Nikamjibu salamu, kisha nikasema kupitia dirishani, "Baba, nina neno. Siku ile Kangle. Ni fimbo ipi ililia?"

Nikasikia anahamisha mguu kwenye changarawe.

"Hakuna iliyolia, mama. Wala sikukuona."

"Usinidanganye. Ulijuaje basi kwamba ni mimi?"

Akashusha sauti, kama anayeomba radhi. "Nilikusikia ukimnong'oneza Mungu, kwa Kibena chetu, mkweo nisigeuke. Toka chini mpaka juu. Ningegeukaje, mama?"

Nikavuta kitenge nikajifunika uso, peke yangu chumbani, mlango umefungwa.