Jodari wa Odera na Kisu cha Mumbua

Katika ploti yetu ya Muyeye, hapa Malindi, anayekata samaki wakubwa ni mwanamke ambaye mwenyewe hali samaki. Jina lake ni Mumbua, mzaliwa wa Mwingi. Alipokuja pwani na mumewe Peterson, dereva wa lori la maji, alikuwa hajawahi kuona samaki aliyezidi kiatu kwa ukubwa. Ameishi nasi miaka kumi na minne. Jirani akikaanga samaki aina ya changu, Mumbua hufunga dirisha. Hafanyi hivyo kwa dharau, kwani hutusalimia kwanza, akauliza watoto wameamkaje, ndipo akafunga.

Aliyemwingiza katika kazi hiyo ni Odera, fundi wa friji, wa chumba cha tatu. Odera ametoka upande wa ziwani, na tangu ahamie kwetu hajaacha kutukumbusha kwamba mambo ya samaki ni yake. Ukimwonyesha nguru wa baharini, atakupa habari za mbuta wa ziwani. Nyale, mama wa Kigiriama anayeuza mahamri mlangoni pa ploti, akisema tasi wa leo ni watamu, Odera huitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi, kisha hutaja ngege wa ziwani kwao. Lakini hakuna kati yetu aliyekuwa amemwona akimkata samaki. Mkewe, Charity, alikuwa akinunua waliokwisha kukatwa.

Jumamosi moja ya mwaka jana Odera alimtengenezea Kalume friza. Kalume ni mvuvi, na friza hiyo ilikuwa imemtesa wiki mbili. Ilipoanza kugandisha tena, kwa furaha akampa Odera jodari mzima aliyevuliwa alfajiri ile, mzito kama mtoto wa darasa la tatu. Kalume akataka vijana wake wamkate palepale bandarini, kazi ya dakika chache. Odera akakataa. Alisema nyumbani wamezoea.

Ukweli ni kwamba alitaka jodari aonekane. Alimlaza nyuma ya pikipiki, kichwa upande huu, mkia upande ule, akamwambia dereva apitie barabara ya sokoni, ingawa njia ya shuleni ni nusu yake. Watu walilazimika kukaa kando. Sisi tulisikia honi kabla ya kuwaona.

Ploti nzima ilitoka. Odera alipiga picha akiwa amemshika mkia, kisha amemshika shavu, kisha pamoja na Charity, ambaye hakutabasamu kwa sababu alikuwa analitazama jua. Alimkumbusha mumewe kwamba saa nne imefika na wao hawana friza. Hilo la fundi wa friji kukosa friza ni jambo ambalo sisi majirani hatulitaji mbele yake.

Ndipo kazi ikaanza. Mlango wa zamani uliwekwa juu ya makreti mawili, jodari akalazwa. Odera akaleta kisu cha Charity cha kukatia sukuma wiki. Kikaingia kidogo, kikakwama. Akasema nyama bado imekaza, samaki apumzishwe kidogo. Alipokwisha kupumzishwa, likaletwa panga. Pigo la kwanza liliteleza kwenye mfupa wa kichwa, na jodari akaondoka juu ya ule mlango kwa ulaini mkubwa, akatumbukia katika beseni la nguo za Nyale, akalala mle kwenye povu. Hakuna aliyecheka. Nyale aliingia chumbani kwake, akakaa kidogo, akatoka akijifuta macho.

Odera akamtoa, akamsuuza, akatueleza kwamba samaki wa ziwani wameumbwa kwa utaratibu mwingine. Akainua panga tena. Safari hii lilimwangukia jodari mgongoni na kuchana nyama vibaya, ikabaki inaning'inia kama kitambaa kilichonaswa na msumari.

Wakati huo Mumbua alikuwa nyuma ya dirisha lake, ameacha upenyo wa jicho moja. Baadaye aliniambia kwamba harufu haikumsumbua hata kidogo. Kilichomuuma ni kuona nyama ikiteswa. Baba yake alikuwa na bucha kule Mwingi, na tangu darasa la sita Mumbua alisimama naye kila siku ya soko. Alijua kumfungua mbuzi kiungo kwa kiungo bila kuvunja mfupa, na wateja wengine walikuwa wakimwambia baba amwachie binti awakatie. Baba alipozeeka, bucha ilikwenda kwa kaka zake, na mmoja wao, kwa maneno ya Mumbua, hukata nyama kama anayepasua kuni. Yeye alipoolewa alipewa seti ya vikombe. Tangu hapo hakukata kitu kilichomzidi kuku.

Akatoka, leso imemziba pua na mdomo, kisu chake mkononi.

"Baba Marvin, weka panga chini," alimwambia Odera.

Odera akamtazama. "Mama Cynthia, wewe samaki unamjua?"

"Simjui. Lakini ana uti wa mgongo. Hata mbuzi anao."

Alikaa kwenye ngazi akakinoa kisu bila haraka, huku sote tukingoja. Kisha akampapasa jodari kwa vidole, kuanzia shingoni hadi mkiani, kama mama anayempima mtoto homa. Alipofika tumboni alisita, akamwita Nyale. Nyale akamwonyesha pa kufungulia, namna ya kutoa mashavu na matumbo kwa pamoja, na nyongo ilipo ili isipasuke. Ikawa Nyale anajua ya ndani, Mumbua anajua ya mifupa. Odera alishika mkia, ambao haukuhitaji kushikwa.

Mumbua akakata nyuma ya pezi hadi kisu kikagusa mfupa. Akakilaza, akakifuatisha uti polepole, na upande mzima wa jodari ukainuka kama blanketi linapokunjuliwa. Nyama ilikuwa nyekundu iliyokolea. Kutoka nyuma ya leso tulimsikia akisema inafanana na ya ng'ombe, na sauti yake ikawa na nafuu. Kwa kuwa hakujua majina mengine, alitumia ya mbuzi. Karibu na mkia akapaita paja, tumboni akapaita ubavu, nyuma ya kichwa akapaita bega. Mpaka leo watoto wa ploti yetu wakitumwa sokoni huomba paja la jodari, na wauzaji huwatazama sana.

Kichwa kilileta maneno. Nyale alikitaka, Odera alikitaka. Mumbua akasema buchani kwa baba yake kichwa kilikuwa cha aliyesafisha matumbo, akampa Nyale. Odera akakubali, akaongeza kwamba kichwa cha jodari si kama cha mbuta.

Kila mlango ulipata fungu. Nyale alipika mchuzi wa nazi uliotufanya tunyamaze. Mumbua alioga kwa ndimu mara tatu, akala ugali na kabichi, lakini Charity alimwona amekaa mlangoni muda mrefu akikifuta kisu ambacho kilikuwa kimekwisha takata.

Jioni ile Odera alimtumia Kalume picha za vipande vilivyopangwa vizuri, bila kutaja mkono uliovikata. Kalume akastaajabu, na baada ya wiki mbili akapiga simu: kuna arusi Ganda, jodari wawili, na mwenye arusi anataka fundi wa kukata nyumbani. Odera akakubali. Siku mbili hakula vizuri. Ya tatu akaenda kugonga dirisha la Mumbua.

"Mama Cynthia, niliwaambia fundi ni mimi."

Mumbua alicheka mpaka akalishika dirisha. Kisha akauliza arusi ni saa ngapi.

Kule Ganda, babu wa bwana arusi alivuta kiti akatazama kazi yote, toka jodari wa kwanza hadi wa pili. Mumbua alipomaliza akaenda kumwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Watu wenu huvua bahari ya wapi?"

"Kwetu ni Mwingi, baba. Bahari hakuna."

Mzee akafikiri, akaomba akatiwe kipande cha kwenda nacho nyumbani, akatiwe na huyuhuyu.

Siku hizi Mumbua huitwa kukata samaki kule Watamu, hata Kilifi, na Peterson humshusha kwa lori la maji. Ijumaa iliyopita Charity alianza kufundishwa kukata, kwa samaki wa wastani aitwaye kolekole. Mumbua aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Charity, wakaenda pamoja hadi kwenye uti. Odera alisogea ili naye aeleze kidogo, akatumwa dukani kununua ndimu. Aliporudi walikuwa wamefika pagumu, akatumwa tena kununua chumvi.