Mfuko wa Msumarini

Mlangoni kwa mzee Nsengimana, pale Keshero, mtaa wa mji wa Goma, kuna msumari mrefu, na kwenye msumari huo unaning'inia mfuko mweusi wa plastiki ngumu wenye zipu. Usiuguse. Hata ukiwa mgeni wa heshima, hata ukiwa padri, usiuguse. Ndani mna karatasi zote za nyumba: za kuzaliwa, za ubatizo, ya ndoa, ya uwanja uliojengwa nyumba. Mtu wa mbali hudhani ni mfuko wa kwenda sokoni. Wenyeji wa Goma hawaulizi, maana wengi wao wana msumari wao.

Nsengimana hakuzaliwa na mfuko huo. Mwaka 2002, mwezi wa kwanza, volkano ilipomwaga moto katikati ya mji, alikuwa kijana mwenye diplome ya ujenzi, diplome ya kweli yenye muhuri, imefungiwa sandukuni chini ya kitanda. Mkewe Dative alikuwa na mimba ya miezi saba. Alimshika mke, akaacha sanduku. Nani angefanya vingine? Waliporudi, pale palipokuwa kitanda palikuwa na jiwe jeusi la kimo cha mtu, bado lina joto. Tangu hapo kila msimamizi wa ujenzi humwuliza karatasi yake iko wapi, naye hujibu, "Iko chini ya jiwe." Wanacheka, wanampa koleo. Miaka ishirini na mitatu sasa anachanganya saruji kwa vijana wasiojua kusoma plani ya nyumba ambayo yeye angeisoma hata ikiwa imegeuzwa juu chini. Jambo hilo linamuuma kila asubuhi anapovaa buti.

Ndiyo maana mwaka 2021, volkano ilipoamka tena na mji ukaambiwa uhame, mzee alikamata mfuko kwanza. Alitembea nao kifuani, akapita ziwa la Lac Vert, mpaka mji mdogo wa Sake, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Walipofika huko ndipo wakagundua kwamba sufuria imebaki jikoni na godoro limebaki nje ya mlango. Dative hajamsamehe mpaka leo. "Muzee wangu," humwambia mbele za watu, "siku ile tungekula nini, karatasi ya ubatizo?"

Ile mimba ya miezi saba ndiyo Munezero. Baada ya shule ya sekondari alipata kazi kwa mama Émérance, mwenye duka la kutoa fotokopi na kuchapa barua. Hapo ndipo kipaji chake kilipojulikana. Wateja walikuja na simu zao wamekwama: mmoja hajui abonyeze wapi, mwingine amefuta alichotaka kutuma. Wenzake waliwacheka. Munezero hakucheka. Aliangalia kidole cha mteja kinasita wapi, akachukua kalamu, akachora ule ukurasa upya mgongoni mwa karatasi iliyoharibika. "Kidole kikisita," alikuwa akisema, "kosa si la mutu. Kosa ni la ule aliyechora."

Siku moja Julien, kijana wa Butembo aliyekuja kutoa kopi, aliokota mchoro mmoja kapuni, akamweleza Munezero jambo ambalo hakulijua. Kumbe hiyo ni kazi! Kuna watu wanalipwa kwa hiyo tu, kupanga kurasa za simu ili mtu wa kawaida asipotee ndani yake. Huita kazi hiyo UX. Julien mwenyewe aliifanya kwa ajili ya watu wa Nairobi, akiwa chumbani kwake chini ya paneli ya jua, na mwaka 2025 ulipoanza alitaka kufundisha vijana kumi kwa miezi sita. Mafunzo hayo aliyaita bootcamp, yaani kambi.

"Kambi?" Dative alishtuka Munezero alipoleta habari nyumbani. "Goma yote si kambi tayari? Na bunduki watawapa?"

Nsengimana hakucheka. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wa mwisho ili binti asome chuo kikuu, informatiki, miaka mitatu, na kwa desturi ya vita vyetu labda mitano. Fedha ilitosha njia moja tu. Saa pia zilitosha njia moja, maana Julien alitaka vijana wake kutwa nzima.

"Mwisho wa ile miezi sita watakupa nini?" aliuliza.

"Nitakuwa na kazi zangu za kuonyesha, Papa. Julien anasema kazi itasema yenyewe."

"Kazi itasema yenyewe! Mimi nimejenga nusu ya ukuta wa huu muji, kuna ukuta umewahi kusema jina langu? Mutoto wangu, kazi haina mudomo. Muhuri ndio iko na mudomo."

Baba hakuwa anasema uongo. Lakini Munezero alijiona darasani na wanafunzi mia tatu, anakariri daftari la kozi lililoandikwa kabla hajazaliwa, na roho ikamsinyaa. Wiki nzima aliyumba. Akiwa dukani alichagua kwa Julien, akirudi nyumbani na kuuona mgongo wa baba umepinda, alichagua chuo.

Julien hakuomba diplome ya mtu. Alitoa mtihani mmoja: tazama jambo ambalo watu wa kwenu hufanya kwa haraka, kisha chora kurasa za simu zitakazowasaidia. Ulete Ijumaa. Munezero hakuhangaika kutafuta. Jumatano, baba akiwa kazini na mama sokoni, aliuteremsha mfuko kutoka msumarini. Alitaka kutengeneza mfuko wa pili ndani ya simu, ambamo picha ya kila karatasi inakaa kwenye mraba wake, na alama badala ya maneno, ili hata mama yake asiyesoma vizuri aweze kuufungua huku anakimbia.

Alitandika karatasi mkekani, akaanza kupiga picha moja moja. Alipofika kwenye diplome yake ya sekondari, ile iliyochukua miaka miwili kufika kutoka serikalini, haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kikaratasi chenye muhuri wa bluu. Chuo kinakiri kupokea diplome, orijinali, ya binti Munezero. Orijinali itarudishwa wakati wowote kwa atakayeleta kikaratasi hiki. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Nsengimana.

Basi baba alikwisha kuchagua. Yeye, ambaye hakuruhusu hata padri auguse mfuko, aliufungua kwa mikono yake, akaitoa karatasi, akaipeleka mjini bila kumwambia mwenyewe. Hasira ilimpanda Munezero. Chuo kilikuwa mwendo wa pikipiki tu, na ofisi ilikuwa wazi mpaka saa tisa. Angekwenda, angeichukua. Lakini kuichukua ni kumwambia baba hapana, tena machoni pake, na hilo hakuliweza. Nitakwenda Alhamisi, akajisemea. Halafu kuna wazo jingine lilimpitia, na ni aibu kulisema: kwamba karatasi hiyo ikipotelea huko huko, hakuna atakayemlazimisha tena kuchagua. Alilifukuza. Alikirudisha kikaratasi mahali pake, akaning'iniza mfuko kama alivyoukuta.

Alhamisi habari zilikuja kwamba Sake imeanguka mikononi mwa waasi. Mji ukajaa watu wenye magodoro vichwani, na motari, wale wa pikipiki za abiria, wakapandisha bei. Nitaenda kesho, akasema Munezero. Ijumaa alikwenda kwa Julien na mtihani wake, mizinga ikilia upande wa magharibi. Julien aliipitia michoro simuni kwa kidole, akasimama kwenye mraba mmoja usio na picha.

"Na huu mutupu?"

Munezero aliugusa mraba. "Ni wa karatasi yenye haiko nyumbani," alisema. "Mutu akifungua, aone mara moja nini inakosa."

"Eeh! Hiyo hakuna mwenye angeifikiria," alisema Julien, akampiga bega. "Huo mraba ndio kazi yako bora."

Munezero alirudi na furaha iliyochanganyika na woga. Ofisi ya chuo ilikuwa imekwisha kufungwa. Haidhuru, akasema. Jumatatu nitaichukua.

Jumatatu vita viliingia mjini. Sitaeleza yote, waliolala sakafuni siku zile wanajua. Nsengimana alilala kifudifudi juu ya mfuko wake, Dative akisali rozari mpaka sauti ikakauka. Maji yalikatika, umeme ukakatika, simu zikanyamaza. Walipotoka nje, walikuta watu wanazika watu.

Siku ya kumi na mbili Nsengimana alichukua kikaratasi cha bluu, akaenda mjini kwa miguu. Alirudi mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuomba maji.

"Munezero, keti hapa. Dative, wewe pia." Alikaa akiangalia mikono yake. "Niliitoa diplome yako, niliipeleka chuo. Nilitaka kukufunga kamba, usikimbilie kwa Julien. Ofisi yao imevunjwa. Karatasi zimemwagwa barabarani, nimeona watu wanaziwashia moto wa makaa. Nimetafuta tangu asubuhi. Mutoto wangu, kitu kilinifanyikia mimi, leo nimekufanyia wewe. Unisamehe."

"Yesu Maria!" Dative alijishika kichwa. "Wewe? Wewe mwenye huu mfuko?"

Mzee alilia. Hata mwaka wa jiwe hakulia hivyo. Munezero alimshika mkono uliojaa saruji ya miaka, akasema, "Pole, Papa. Si wewe, ni vita." Habari ya Jumatano hakuitaja, akaacha baba abebe kosa peke yake.

Mtandao uliporudi, ujumbe wa Julien ulikuwa unangoja. Munezero amepita, wa kwanza kati ya kumi. Masomo yatafanyika kwa simu mpaka mji utulie. Dative aliruka, akapiga kigelegele kimoja, kisha akakumbuka majirani wenye msiba, akaziba mdomo.

"Hao hawaombi karatasi?" baba aliuliza.

"Hawaombi, Papa."

"Mungu ni mukubwa. Basi nionyeshe hiyo kazi yenye inasemaka yenyewe."

Alisema kwa utani, utani wa kwanza tangu vita. Munezero angeweza kusema betri imekwisha. Alimpa simu. Nsengimana aliweka kidole kinene juu ya kioo, akapita taratibu. Ubatizo wa Munezero, akatabasamu. Ndoa yao, akamwonyesha Dative. Karatasi ya uwanja. Halafu kidole kikasita.

"Hapa pa tupu ni pa nini?"

"Ni pa diplome yangu, Papa."

"Ulichora siku gani?"

"Jumatano. Mbele ya vita kuingia."

Mzee alihesabu kwa midomo: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Dative alikuwa anakoroga uji, akaacha kukoroga.

"Siku hizo zote ofisi ya chuo ilikuwa inafunguka," alisema baba.

"Ilikuwa inafunguka. Niliona kile kikaratasi, Papa, nikakirudisha. Niliogopa kukuambia. Nilisema nitaichukua Jumatatu."

Nsengimana hakupaza sauti. Alimrudishia simu, akainuka, akaushusha mfuko. Alitoa kikaratasi cha bluu mfukoni mwa shati, akakikunjua, akakiweka ndani mahali pa diplome, akavuta zipu, akauning'iniza tena. Alikaa mgongo kwa ukuta.

"Hayo masomo yanaanza lini?"

"Jumatatu, Papa."

"Jumatatu tena," alisema mzee, na hakumtazama.