Fundi Pua hasikii harufu

Mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja amelala chali chini ya gari, miguu nje, asubuhi saa mbili, na anaigombeza pampu.

"Nyamaza," anaiambia. "Nimefunga kila kitu, wewe unalia nini?"

Pampu inalia tena, mlio mfupi, kisha inatulia. Anahesabu kwa sauti. Akifika ishirini na sita, inalia tena. Maana yake kuna mahali maji yanavuja, hata kama sakafu ni kavu. Anatambaa kutoka, anaingia ndani ya gari, anafungua kabati la chini ya sinki, anapapasa kiungo cha bomba kwa vidole viwili na kukikaza kidogo. Pampu inanyamaza.

Gari lenyewe ni nyumba. Lina vitanda viwili, jiko, choo, na bafu ambalo mtu mnene huingia kwa kujipanga. Yadi hii ina magari tisa ya namna hiyo, yanayokodishwa na familia zinazotaka kusafiri bila kulala hotelini. Kazi ya fundi huyu ni maji safi tu: tangi, pampu, chujio, hita na mabomba. Majitaka yana mtu wake, na mipira ya hao wawili haikutani hata kwa bahati mbaya. Mpira wa maji safi ni mweupe, hutundikwa juu ukutani, na mdomo wake huzibwa kwa kifuniko.

Hapa yadini wanamwita Fundi Pua. Jina alipewa miaka sita iliyopita, gari moja liliporudi maji yakiwa na harufu ambayo mafundi wawili waliitafuta siku nzima bila kuipata. Yeye alipanda, akanusa bomba la jikoni mara moja na kusema, "Humu kuna mjusi." Walifungua tangi. Alikuwemo, tena si wa jana.

Kwa miezi saba sasa, Fundi Pua hasikii harufu ya kitu chochote.

Yalianza kama mafua ya kawaida, ya kulala siku tatu na kuomba supu. Homa ikaondoka na kikohozi kikaisha, ila pua haikurudi. Daktari alimwambia inaweza kurudi ndani ya mwaka, na inaweza isirudi. "Akaniambia hivyo huku anaandika," anakumbuka fundi. "Kama ananitajia bei ya dawa ya kikohozi."

Kwa mtu mwingine hiyo ni hasara ya mezani. Kwake ni kazi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Anamwaga maji ya zamani na kutoa chujio. Anachanganya klorini kwenye ndoo, kikombe kimoja kidogo cha kahawa kwa tangi la lita mia, anaimimina tangini, anajaza maji, kisha anafungua bomba moja moja mpaka harufu ya dawa itoke kote, la moto na la baridi. Anaiacha mpaka kesho yake. Halafu anamwaga, anajaza maji mapya, anamwaga, anajaza tena, mpaka harufu iishe kote. Mwisho anajaza kadi ya maji inayoning'inia juu ya sinki. Mstari wa chini wa kadi hiyo unasema: Maji yamenuswa, hayana harufu. Pembeni yake pana nafasi ya saini ya fundi.

Msomaji ameshaona tatizo. Mwanzoni unanusa ili ujue dawa imefika, mwishoni unanusa ili ujue dawa imeondoka. Asiye na pua, kwake maji yote ni safi.

Vikaratasi vya kupimia vipo, na yadi inavyo. Ukivichovya majini vinabadilika rangi kama klorini ipo. Lakini vikaratasi havijui harufu ya plastiki, wala ya ukungu, wala ya mjusi.

Alimficha kila mtu kwa miezi mitano. Mkewe, fundi cherehani anayeshona nyumbani, ndiye aliyegundua kwanza, na hakugundua kwa kuambiwa.

"Huyu bwana hajawahi kusifu wali wangu mara mbili mfululizo tangu anioe," anasema mama huyo. "Wiki ile kausifu siku nne. Siku ya tano nikauunguza makusudi, moshi mpaka kwa jirani. Akala, akasema, leo umejipita mke wangu. Nikajua hapa kuna ugonjwa."

Alimsihi mumewe aseme kazini. Mume akakataa. Mshahara wa yadi ndio unaolipa pango, cherehani inalipa chakula, na fundi wa maji asiyenusa, alimwambia mkewe, ni sawa na dereva asiyeona. Akawa anasuuza matangi mara tatu badala ya mbili, anachovya vikaratasi, anainama kwenye kila bomba kama kawaida ili wenzake wamwone, kisha anatia saini.

Mficha uchi hazai, na njia yake ilikatika wiki nane zilizopita.

Wiki hiyo alikuwa amebadilisha mpira wa hita kwenye gari namba nne. Ili kufanya hivyo aligeuza koki, maji yapite pembeni bila kuingia kwenye hita. Akasahau kuirudisha, akaweka dawa. Dawa ikazunguka gari zima isipokuwa ndani ya hita, ambamo maji yalikuwa yamelala wiki nne. Siku ya kukabidhi akaiona koki, akaigeuza, akafungua bomba la moto, akainama na kunusa. Hakusikia kitu. Akatia saini.

Mteja alirudi siku ya pili, na mama yake mzee ameketi mbele kajifunga khanga puani. Maji ya moto yalikuwa yananuka mayai viza. Bibi alikuwa ameshaoga nayo.

Mwenye yadi akatoka ofisini. Bomba likafunguliwa mlango wa gari ukiwa wazi, na watu waliosimama nje wakarudi nyuma hatua mbili. Fundi Pua peke yake akasogea, akainama mpaka maji yakawa umbali wa pua na mdomo.

"Mbona hayanuki, mama?" akasema.

Yule bibi akashusha khanga kidogo. "Mwanangu," akauliza, "unanitania au unaumwa?"

"Nilikuwa na majibu mengi," fundi anasema leo. "Nilikuwa nimeyaandaa tangu zamani. Lakini aliniuliza kwa upole, na mimi nimemwogesha mayai viza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamwambia, naumwa, mama."

Mwenye yadi si mtu wa maneno mengi. Alimpa wiki nane, mpaka msimu wa safari uishe. Gari moja likirudi tena kwa sababu ya maji, alisema, tunaagana kwa heri. Atanusa vipi, hilo alimwachia mwenyewe.

Ndipo mkewe alipoingia kazini bila kuajiriwa. Kila Ijumaa, siku magari yanapoondoka, huacha cherehani na kuja yadini kwa miguu. Hupanga bilauri kwenye meza ya gari, moja kwa kila bomba, hufumba macho, hunusa, huonja, hutema. Mumewe husimama nyuma yake na kadi mkononi.

"Mwanzoni nilijua klorini tu," anasema mama. "Sasa nakutofautishia mpira mpya na tangi jipya. Ningejua mapema ningemnusa na yeye kabla ya ndoa."

Wiki saba zimepita hivyo na hakuna gari lililorudi. Leo ni Ijumaa ya nane. Linaloondoka ni moja, gari namba saba, lile la pampu. Mteja anakuja saa sita.

Saa nne mke anaingia getini, leso mkononi, macho mekundu. Anapiga chafya kabla ya kusalimu.

"Usiniambie," anasema mumewe.

"Tangu jana usiku. Pua zote mbili." Anapiga chafya nyingine. "Leo mimi na wewe ngoma droo."

Anajaribu hata hivyo. Ananusa bilauri zote tano, anarudia, anatikisa kichwa. Anasema anaweza kusema hayana harufu, ila hata petroli leo angesema haina harufu.

Fundi anazunguka yadi. Yule mpaka rangi wa yadi ameshinda na thina ya kuyeyushia rangi miaka kumi na tano, anasema pua yake ni pambo tu. Mlinzi anavuta ugoro. Fundi wa majitaka anaombwa na anacheka mwenyewe kabla hajajibu. Vikaratasi vinaonyesha klorini imekwisha. Koki za hita zimekaguliwa mara tatu, moja ya hizo mwandishi wa makala haya akiwa ameshika tochi. Kila kitu kinasema maji ni safi.

Saa sita mteja anafika na mke, watoto wawili na mabegi. Saa sita na nusu mabegi yameshapakiwa, na kadi bado haina saini. Mteja anasema yeye atanusa mwenyewe, kuna shida gani? Fundi anamkatalia kwa adabu. "Wewe umelipia maji, kaka, hukulipia kazi."

Mkewe anamvuta pembeni. Anamwambia ni siku ya mwisho, anamwambia pango, anamwambia hata yeye anaona maji hayana neno. Fundi anamsikiliza mpaka mwisho. "Bora lawama kuliko fedheha," anajibu. Kwenye mstari wa mwisho wa kadi anaandika neno moja: Hayajanuswa.

Mwenye yadi anatoka ofisini na simu bado mkononi. Anaisoma kadi. Anamtazama mteja, ambaye anatazama saa.

"Yadi nzima hii hakuna mwenye pua?"

"Upo wewe, bosi."

Mpaka rangi anaapa kwamba tangu yadi ifunguliwe hajawahi kumwona mwenye yadi akishika bomba. Leo anakunja mikono ya shati, anapanda garini, anainama kwenye sinki na kunusa la baridi. Ananusa la moto. "Hayana kitu," anasema na kuinuka.

"Yaache yatoke kwanza, bosi. Hita ina lita ishirini huko nyuma."

Mwenye yadi anarudi kuinama. Fundi anamweka pale dakika nne kwa saa ya ukutani, kisha anampeleka bafuni akanuse na huko. Watoto wa mteja wanachungulia mlangoni. Hakuna anayecheka, ingawa sababu ipo.

"Hayana kitu," mwenye yadi anarudia. Anafuta uso. "Kwa hiyo ungetia saini tu, hawa watu wangeondoka saa sita."

"Wangeondoka."

"Na maji yalikuwa safi."

"Yalikuwa safi, bosi. Ila mimi nilikuwa sijui."

Mwenye yadi anachukua kalamu, anafuta lile neno kwa mstari mmoja, anatia saini yake mwenyewe na kurudi ofisini bila kuaga. Gari namba saba linaondoka saa saba na dakika kumi. Mume na mke wanabaki wamesimama kwenye dimbwi la maji waliyoyamwaga, na hakuna kati yao anayejua kama kesho kuna kazi.

Jumamosi simu haikulia. Jumapili pia. Jumatatu fundi alikwenda yadini saa moja na nusu kama kawaida, kwa sababu, anasema, hakuna aliyemwambia asiende. Mezani kwake alikuta rundo la kadi za maji, kama mia hivi. Chini ya nafasi ya saini ya fundi, kwenye kila moja, mtu alikuwa amepiga mstari mpya kwa rula na kuandika kwa mkono: Jina la aliyenusa. Mwandiko ulikuwa wa mwenye yadi, na kufikia kadi za mwisho ulikuwa umechoka.

Juu ya rundo palikuwa na kijikaratasi. "Mkeo akipona aje na kitambulisho. Ijumaa zitalipwa."

Kila asubuhi kabla ya chai, fundi hufungua vichupa vinne alivyoelekezwa na daktari. Vina karafuu, ganda la limau, sabuni na kahawa. Hunusa kila kimoja taratibu, kisha huvifunga. Wiki iliyopita alidhani amepata kitu kwenye karafuu, ila hakumwambia mtu, maana hana hakika.

"Ikirudi, pale nitaandika jina langu," anasema, huku akizipanga kadi. "Isiporudi, nitaandika la mwenye pua. Na siku akikosekana patabaki wazi, na gari litalala hapa."