Jicho Kwenye Sahani

Mtaani walimwita Pima Maji, maana hakuwahi kutoka kwenye kazi kabla hajauwekea ukuta pima maji lake kuona kama umenyooka na kuukodolea macho kama hakimu. Alikuwa fundi rangi kwa miaka thelathini na minane. Kilichomkera kuliko vyote ni ukuta mzuri kutobolewa ovyo.

Dada yake mkubwa alipofiwa na mumewe, alisubiri mwaka mzima, kisha akamwita aje kupaka sebule. Fundi akaziba nyufa, akapiga msasa, akapaka mikono mitatu ya rangi nyeupe. Siku ya nne dada akaburuta boksi kutoka chumbani.

"Sasa nitundikie hizi."

Ya kwanza ilikuwa picha ya samaki mwenye meno ya mtu, kavaa koti. Ya pili, mkono ulioota kwenye mkate, na kucha zake ndefu. Ya tatu ndiyo iliyomshinda: jicho moja kubwa, bichi, limekaa kwenye sahani likichuruzika ute. Mate yakamjaa mdomoni. Akaenda dirishani kutema.

"Dada, hiki ni kitu cha kuweka mahali watu wanapokula?"

"Hapo hapo, juu ya meza."

"Na picha ya shemeji?"

Ilikuwa imetundikwa hapo miaka yote: shemeji ndani ya suti, kidevu juu.

"Iko kabatini, nimeifunga kwa shuka safi."

"Watu watasema umerukwa na akili."

"Waache waseme, midomo ni yao. Miaka thelathini na moja nimekaa meza hii naulizwa chumvi iko wapi, chai mbona imepoa, ulikuwa wapi. Hilo jicho linanitazama tu. Haliniulizi kitu."

Fundi akainamia sanduku lake la vifaa. Maswali yale aliwahi kuyasikia kwa masikio yake, zaidi ya mara moja, akajifanya anakoroga rangi. Sasa aibu ilimpanda pamoja na kichefuchefu, asijue kipi ni kipi.

Akatoboa ukuta alioupaka mwenyewe, uso kaukunja kama mtu anayeng'olewa jino. Lakini alizipanga sawasawa. Hata uchafu, alisema, kama ni lazima utundikwe, utundikwe umenyooka.

Dada akapakua chakula. Fundi akakaa akiligeuzia jicho mgongo, na bado alilihisi kisogoni, limelowa. Kijiko cha tatu kikagoma kushuka. Akasukuma sahani.

"Samahani, dada. Siwezi."

Dada akacheka mpaka akashika mbavu.

Fundi humtembelea kila wiki, ila hula jikoni, kasimama. Picha zimefika saba. Ya mwisho ni ulimi wenye miguu ya kuku, nao dada ameutundika mwenyewe, umeinama upande. Fundi aliuona mara moja tu, wakati akipita kwenda kunawa mikono, na siku hiyo hata jikoni hakula.