Niliiamkia Spika ya Mlango

Kosa langu ni la kijinga, nalitaja mapema mcheke tuendelee: niliiamkia spika ya gari. Nilisema shikamoo. Ikaitikia. Wala msidhani nawatungia. Yalinikuta mie mwenyewe, pale Tandika, jua linazama, nikiwa na akili zangu zote, hizo chache nilizo nazo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, magari ya mtumba yameanza kuingia. Mie ni mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi gengeni. Lakini mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, siku zimekaribia, hospitali iko mbali. Nikanunua gari kwa bwana mmoja wa Kunduchi. Lilikuwa zima, ila spika ya mlango wa nyuma kushoto ilikuwa inakoroma. Mwanaume mwenye busara angetia mafuta na kukagua matairi. Mie nikashika bisibisi.

"We baba, tumbo linanivuta," mke wangu akasema dirishani. "Hebu achana na hayo madude."

"Nakuja, mama. Kidogo tu."

Nilianza kifundi. Kule nyuma ya redio nikabadilisha nyaya, za kushoto nikazipeleka kulia. Kama ubovu ungehamia kulia, basi mbovu ingekuwa redio. Haukuhama. Nikazima redio, nikabandua ubao wa mlango, nikachomoa spika nyaya zote mbili. Kisha nikaigusisha betri ya tochi, maana spika nzima ukiigusa hivyo inasema "tap."

Ile haikusema tap. Ilikohoa.

Kikohozi cha bibi mtu mzima, kile cha kutoka kifuani. Sasa mie nimelelewa kwa makofi: mkubwa akikohoa karibu yako, unaamkia kwanza, maswali baadaye. Mdomo ukanitangulia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hatufiki hospitali?"

Betri ilinidondoka. Nyaya zinaning'inia, redio imezimwa, niaminini. Ungekuwa wewe, si ungekimbia? Hata mie nilitaka. Lakini mtu mzima umeshamwamkia, amekuitikia, anakuuliza jambo, utampa mgongo? Nikajibu, "Tunakaribia, bibi." Kiti cha nyuma, upande uleule, kikabonyea taratibu kama anavyojikalia mtu mwenye miguu inayouma.

Hapo hapo mke wangu akapiga ukelele ndani. Uchungu umemshika.

Nikakimbia mtaa mzima natafuta gari jingine, hakuna. Nikarudi nikataka nimketishe mbele, akashindwa hata kujikunja. Jirani yetu Bi Zuhura, mjane asiye na subira, akanisukuma kando. "Hebu toka hapa! Unamchagulia kiti, huyu yuko harusini?" Akampakia nyuma, katikati, yeye akaketi kulia. Kushoto palibaki palepale palipobonyea.

Basi nikaendesha. Mke wangu bega kwa bega na mtu ambaye, kwa swali lake lile, nilishaelewa alifia njia ya hospitali, na mie naogopa kitu kimoja tu: asije huyo bibi akaondoka na mwenzake.

Kila tukiingia shimoni, sauti mlangoni: "Tumefika?"

"Bado kidogo, bibi."

Mke wangu akadhani namjibu yeye. Matusi niliyoyapata siku ile, tuyaache.

Getini pa hospitali nikafunga breki, nikasema kwa sauti, "Tumefika, bibi. Karibu ushuke." Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Kiti kikainuka.

Binti yetu alizaliwa usiku uleule, mzima, mama yake mzima.

Baadaye nilimfuata yule bwana aliyeniuzia gari. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya mlango wa nyuma kushoto. Hakuuliza una ubovu gani. Aliniuliza, "Amefika?" Nilipomwambia ndiyo, akaketi chini mchangani, akalia. Yule bibi alikuwa mama yake.

Ile spika sijaiunganisha tena. Redio inaimba kwa milango iliyobaki, na inatosha. Tena hadi leo siingii garini bila kutazama kiti cha nyuma, hata liwe gari la bosi. Nawe unayenunua kitu kilichotumika, usiharakishe kumwamkia usiyemwona. Ukishamwamkia, basi, mfikishe.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba yule bibi nilimsikia mie peke yangu, wenzangu garini hawakujua lolote. Siku moja nikapiga moyo konde, nikamuuliza Bi Zuhura kama safari ile alihisi chochote. Hakuinua hata macho kwenye ungo wake wa mchele.

"Mie nilimshika mkeo mkono mmoja tu. Ule mwingine aliushika yule bibi, na alisaidia kuliko wewe uliyekuwa unalia kwenye usukani."