Orrin Achagua Risasi Ndogo

Orrin Tvedt alikuwa fundi wa kupigilia farasi viatu, na katika klabu nzima ya walenga shabaha ya Lander, Wyoming, hakuna aliyemshinda kwa mdomo. Alitumia risasi kubwa za aina ya mia tatu magnamu, ambazo bunduki ikifyatuka humpiga mtu teke begani hadi meno yakatetemeka. Yeyote aliyekuja na risasi ndogo zaidi alikuwa halali yake, hasa Loma Jessup, mama mfugaji wa kondoo, aliyependa zile za milimita sita na nusu.

"Loma, leo unakwenda kuua panya wa ghalani?"

"Panya mwenyewe wewe. Twende tukahesabu matundu kwenye shabaha."

Mara nyingi matundu yalimpa haki Loma, naye Orrin akausingizia upepo.

Kisha farasi mmoja mkorofi akambana Orrin ukutani, bega likavunjika. Alifanyiwa upasuaji, na majira yote ya baridi hakugusa bunduki. Theluji ilipoyeyuka akarudi uwanjani, na hapo ndipo aibu ilipoanza. Ile sahani ya chuma iliyokuwa umbali wa yadi elfu, ambayo zamani aliigonga huku akipiga soga, sasa ilimkataa kabisa. Akabadilisha darubini. Akabadilisha baruti. Wapi! Akaanza kusema atauza bunduki zake.

Jumamosi moja Loma akamfuata. "Hebu lala ulenge tu. Kujaza risasi niachie mimi."

Orrin akalala kifudifudi, akalenga, akavuta. Tk! Loma hakuwa ameweka kitu ndani. Lakini mtutu uliruka vilevile, na Orrin alikuwa amefumba macho kama mtoto anayedungwa sindano.

Alibaki palepale kwenye nyasi, uso umemwiva. Bega lilikuwa limepona zamani. Yeye ndiye aliyekuwa akiliogopa teke kabla halijaja.

"Watu wameona?" akauliza chini kwa chini.

"Wameona upepo," Loma akamjibu, wala hakucheka.

Akamwita nyuma ya pikapu yake, akampangia risasi kwenye ubao wa nyuma. "Hii ya mia tatu na nane ni nzuri, ila upepo wetu huu utaisukuma, na teke lake bado utalisikia. Hii ya milimita sita ni laini kabisa, lakini inauchakaza mtutu upesi. Yangu iko katikati. Kichwa chake kirefu, chembamba, kinapita kwenye upepo bila kubishana nao."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema yaleyale uliyokuwa ukisema wewe. Utazoea. Mimi si nilizoea?"

Orrin akacheka, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa muda mrefu, akaishika bunduki ya Loma.

Risasi ya kwanza ilikosa. Lakini vumbi lake aliliona yeye mwenyewe, kushoto kidogo ya sahani. Miaka yote ile, teke lilikuwa likimrushia darubini juu, akangoja wenzake wamwambie ilipoangukia. Akasogeza lengo upande upepo ulikotoka, akavuta tena. Sahani ikayumba, na baada ya kitambo mlio wake ukafika, mwembamba, juu ya nyasi.

"Loma! Nimeiona! Nimeiona ikitua!"

"Nimesikia, usinipasue masikio."

Alijitengenezea bunduki ya sita na nusu, na katika mashindano ya kiangazi Loma akamshinda kama kawaida. Wakati wa chakula, watu wakiwa na nyama yao na maharage, Orrin akasimama bila kuombwa.

"Miaka yote nimemcheka mama huyu," akasema. "Siku aliyopata nafasi ya kunicheka mbele yenu, alinisitiri. Kama si yeye, leo ningekuwa nyumbani nimekaa na hasira zangu. Loma, asante. Asante sana."

"Kaa ule, Orrin. Pai inapoa."

Akakaa, akashika uma, akaanza na pai.