Titi la Wimbi

Titi langu la kulia lilibaki Eldoret, mimi nikarudi Magwagwa na kovu, mkono unaovimba, na mfuko wa dawa. Watu waliniambia nishukuru. Nilishukuru mpaka taya zikauma, maana katika kanisa letu la Sabato mtu haponi kimyakimya. Unasimama mbele, unashika kipaza sauti, unaeleza ulikotolewa. Nilisimama. Nikasema nimepona kabisa, sina maumivu hata kidogo. Hiyo "hata kidogo" sijui niliitoa wapi, hakuna aliyeniuliza. Amina zikapanda mpaka kwenye mabati, na nikarudi kukaa nikiwa nimejifunga kamba mwenyewe.

Kwa sababu ilikuwa inauma. Kwapa lilichoma kama nimefungia kaa la moto ndani. Kifuani kulipita kitu kama shoti ya umeme, kinapita nikipiga chafya, nikicheka, nikifika tu kwa ng'ombe kumkamua. Na chuchu ambayo haipo ilikuwa inawasha. Fikiria hilo: mtu mzima, mama wa watoto watatu, ameketi jikoni anakuna hewa.

Uchungu peke yake ningeweza kuuzoea. Kilichonimaliza ni woga. Kila kitu mwilini kilikuwa saratani mpaka kithibitishe vinginevyo. Nikicheua, ni ini. Kichwa kikigonga, imeshafika kwenye ubongo. Mgongo ukiuma baada ya kuinamia majani chai tangu asubuhi, jambo ambalo humpata kila mgongo wa Nyamira, mimi nilishapanga nani atasoma wasifu wangu kwenye mazishi na nani asiruhusiwe kabisa kushika kipaza sauti. Siku ya kurudi kliniki kupimwa ilipofika, nilisema kuna mvua. Nikapewa nyingine, nikasema chai imekomaa. Mwanamke aliyepona mbele ya kanisa zima anarudi hospitali kutafuta nini? Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa wangeipata.

Huku nyuma nilikuwa na kazi nyingine, ya kujaza blauzi. Wageni wangu walisalimia kifua kwanza ndipo wakapanda usoni. Yale matiti ya kutengenezwa niliyoonyeshwa hospitali yalikuwa ya watu wenye pesa, basi nikaamua kujitengenezea. Maharagwe yalikaa vibaya, yakatoa vinundu, na vinundu ndivyo kitu cha mwisho nilichotaka kukipapasa. Mahindi yalinifanya nijihisi gunia linalopelekwa poshomill kusagwa. Wimbi, nafaka yetu ya uji, ndio ulikubali. Wimbi unamiminika, unalala, unajua kufuata mwili. Niliutia kwenye soksi ya mume wangu, ambaye yuko Nairobi kikazi na hakuulizwa, nikashona mdomo, nikapima uzito kwa mikono miwili, huku soksi, huku lililosalia, kama mama wa sokoni Nyamache anayechagua kabichi. Nikavaa. Kwenye kioo nilikuwa mzima.

Kuku ndio walionijua. Kulikuwa na tundu dogo kwenye kidole cha ile soksi, na popote nilipopita niliacha punje mbili tatu. Walinifuata kutoka jikoni mpaka chooni, jogoo mbele, kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na binadamu. Nilishona tundu, lakini hawakuacha kuwa na matumaini.

Kisha mvua ikaja ile yetu ya mchana, ya kila siku bila likizo. Nilichuma chai nimejifunga nailoni kiunoni, kikapu mgongoni, nikitumia mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikataa. Kutoka kiunoni kwenda juu nililowa chapachapa. Jioni nilivua kila kitu haraka, nikatundika soksi kwenye msumari nyuma ya mlango, asubuhi nikaivaa ikiwa bado na unyevu. Sikuitazama. Siku hizo sikuwa natazama chochote upande ule. Nilioga nikiwa nimefumba macho na kuvaa nikiwa nimegeukia ukuta.

Ndipo mambo yakaanza. Mahali pa kovu pakawa na joto. Pakawasha, si mwasho wangu wa kawaida wa hewani, mwasho wa kweli, wa kitu kinachochomachoma ngozi. Nikibonyeza juu ya blauzi nilihisi donge gumu ambalo juzi halikuwepo. Na harufu. Harufu chachu, nzito, iliyonifuata hata baada ya kuoga. Wodini niliwahi kulazwa karibu na mwanamke ambaye kidonda chake kilinuka, na nilijua kilichompata. Sikumwambia mtu. Nilipika, nilikamua, nilichuma chai, na ndani yangu nilikuwa nimeshakufa tayari. Niliogopa sana. Sina namna nyingine ya kulisema.

Sabato ikafika nikaenda kanisani, kwa sababu nisingeenda wangekuja kuniuliza. Niliketi na mama mkwe wangu, mama wa mume wangu, mwanamke mwembamba asiye na subira na mtu yeyote isipokuwa ng'ombe. Mhubiri alikuwa amefika kwenye mambo ya nyakati za mwisho, nami nikisikiliza kama mtu anayesomewa ratiba ya safari yake, nilipoona mama mkwe ananusa. Akanusa kulia kwake. Akanusa kushoto, kwangu. Akaniinamia.

"Mokamwana," akasema, maana ndivyo anavyomwita mke wa mwanawe, "nani ameleta kimea kanisani?"

Nilimwambia sijui. Akanusa tena, safari hii pua ikiwa karibu na kola yangu. Lazima ieleweke kwamba kabla hajabatizwa, mama huyu alipika busaa, pombe ya kimea, iliyowatoa watu Marani kwa miguu. Aliacha pombe, lakini pua haikubatizwa. Alinishika kiwiko cha mkono mzima na kunitoa nje katikati ya mahubiri ya mnyama mwenye pembe kumi.

Nyuma ya kanisa, kati ya migomba na choo cha wanawake, aliniambia nifungue vifungo. Nilikataa. Machozi yakaanza kunitoka, nikamwambia imerudi, Mama, imerudi na imeshaanza kunuka. Alifungua mwenyewe, akatia mkono, akaitoa soksi ya mwanawe mchana wa Sabato.

Ilikuwa imeota. Vimizizi vyeupe vilitokeza kila mahali kwenye nyuzi, vikasukana, na upande uliolalia kovu vilikuwa vimejikaza kuwa bonge gumu lenye machipukizi ya kijani kibichi. Kitu chenye maji, chenye joto, kilichofunikwa vizuri. Mtoto yeyote wa kwetu anayejua wimbi unavyoroweshwa angeniambia kitakachotokea, ila mimi nilikuwa na shughuli ya kufa. Mama mkwe aliigeuza, akavuta harufu yake kwa pumzi ndefu, yenye kumbukumbu.

"Kimea kimefika," akasema. "Siku moja zaidi kingeharibika."

Tulicheka. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, mpaka mwanamke aliyekuwa chooni akauliza kuna nini. Nilicheka na ile shoti ya umeme ikapita kifuani kama kawaida yake, nikajikunja, na nikaendelea kucheka nikiwa nimejikunja. Nilitaka mambo yaishie hapo. Nilishaanza kufunga vifungo huku nikisema unaona sasa, ulikuwa wimbi tu, wasiwasi wangu wa bure.

Yeye alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anatazama jinsi nilivyojikunja.

"Na wimbi umetoka," akasema. "Sasa kinachouma ni nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, nimepona, si ulinisikia nikisema mbele ya watu. Alinitazama vile anavyomtazama mnunuzi wa ndama anayeficha pesa mfukoni.

"Nilikusikia. Pia huwa nakuona ukichuma chai. Jumatatu tunaenda Kisii."

Jumatatu tulienda. Njiani hakuniambia maneno ya kunitia moyo, nikamshukuru kwa hilo. Kliniki tulikaa kwenye benchi na wanawake wengine, kila mmoja amejaza blauzi yake kwa siri yake. Nikaitwa, nikapimwa, nikapapaswa, nikapigwa picha, tukasubiri tena. Daktari alikuwa msichana mwenye macho ya usingizi. Alisema haoni dalili kwamba saratani imerudi. Hewa iliyonitoka hapo nadhani ilikuwa imekaa ndani tangu Eldoret. Nikainuka nikichukua mkoba wangu.

"Mama, kaa kwanza," akasema. "Uko na uchungu? Ukipima kutoka moja mpaka kumi, ni ngapi?"

Swali hilo nililijua. Kila walipoliuliza nilijibu mbili. Mbili ni nambari nzuri, haimsumbui mtu, na ukiipeleka kanisani bado inafanana na ushuhuda. Nikafungua mdomo.

"Daktari, huyu anataka kukudanganya," mama mkwe akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Chai yote anachuma na mkono moja. Akipiga chafya anashika ukuta. Muulize tena."

Daktari akanigeukia. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, haina haraka.

"Nane," nikasema.

Nilingoja ashtuke. Nilingoja anikumbushe kwamba niko hai, kwamba wenzangu wengine hawakuvuka, kwamba nimshukuru Mungu. Aliandika nane. Akaniambia mishipa iliyokatwa huwa inauma hivyo, kwamba huenda uchungu usiishe wote, lakini zipo dawa na mazoezi ya kuupunguza, na ni vibaya sikupewa mapema.

"Na hiyo nane ilianza lini?"

Mama mkwe alikuwa ametazama dirishani, mikono juu ya mapaja, kama hasikii.

"Tangu siku ya kwanza," nikasema.